Maswali na majibu: Niambie kuhusu mruko, utoto wako baadaye

Barua nyingi za safari hii ni za gemu za kuruka zenye sura ya zamani, zile zinazotengenezwa leo zikavishwa pikseli kubwa na milio ya miaka ya 1980. Maswali yaliyokwisha kujibiwa nimeyaweka pembeni. Moja tu nimelirudia, kwa hasira.

Gemu moja ina alama 86, nyingine 71. Si ninunue ya 86? (Kamalondo)

Usiwe na haraka, ndugu. Hiyo namba ni wastani, na wastani huficha ugomvi. Wahakiki kumi wakitoa 70 kila mmoja, wastani ni 70. Watano wakitoa 90 na watano 50, wastani ni 70 vilevile, ila ya pili ni gemu iliyowagawa watu, na huenda wewe uko upande wa 90. Halafu Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki, wanaongeza rangi: kwa gemu, 75 kwenda juu ni kijani, 50 hadi 74 ni njano, chini ya hapo nyekundu. Alama moja kati ya 74 na 75 inakuwa kama mpaka wa Kasumbalesa.

Fungua hakiki mbili, ya juu kabisa na ya chini kabisa, utafute wanasema nini juu ya kuruka. Anayejua kazi atakwambia kama unaweza kumwongoza mhusika akiwa hewani, kama ukiachia kitufe mapema mruko unakuwa mfupi, kama anateleza akitua, na ukifa unarudishwa umbali gani. Ukikuta aya tatu za kwanza ni kasete zake na sebule ya bibi yake, funga. Huyo anahakiki utoto wake, na hapo wewe hukuwepo.

Shovel Knight ni 8-biti ya kweli? Tunabishana kazini. (Wawili, Bel-Air)

Si ya kweli, na hapo ndipo ubora wake ulipo.

NES, ile Nintendo ya 8-biti, ilichora picha ya pikseli 256 kwa 240. Vipande vinavyotembea, yaani spraiti, haikuweza kuonyesha zaidi ya 64 kwa pamoja, na katika mstari mmoja wa skrini zisizidi 8. Ya tisa haichorwi. Watengenezaji walizichora kwa zamu, fremu hii (yaani picha moja ya skrini) hizi, fremu ijayo zile, ndiyo maana maadui wakijazana walikuwa wanapepesa kama taa yenye umeme mdogo. Shovel Knight ya mwaka 2014 haipepesi. Picha yake ina upana wa pikseli 400, mandhari ya nyuma inasogea kwa tabaka, na rangi chache zimeongezwa pale ambapo za NES zilipungua. Muziki wa Jake Kaufman unafuata chipu ya VRC6 ya Konami, iliyoongeza sauti tatu juu ya zile za mashine yenyewe. Chipu hiyo ilikaa ndani ya kasete za Japani tu.

Kwa hiyo Yacht Club Games, watengenezaji wake, hawakunakili. Kila sheria ya kale waliipima: hii ilikuwa ladha, au ni udhaifu wa mashine tu? Angalia kufa. Hakuna kuhesabu maisha matatu na kurudishwa mwanzo. Unapoteza sehemu ya dhahabu yako, mifuko inabaki ikielea pale ulipoangukia, na una nafasi moja ya kuifuata. Ukifa tena njiani, imekwenda. Ile tufe ya kioo inayokuhifadhia pa kurudia unaweza hata kuivunja kwa koleo upate dhahabu zaidi, ukabaki bila pa kurudia. Mwaka 1985 hakuna aliyekuuliza kama unataka kujitia taabuni kwa malipo. Mhakiki aliyeandika tu kwamba gemu hii "inarudisha zamani" hakuicheza kwa macho.

Mbona Mighty No. 9 ilipondwa na pesa ilikuwapo? (Lubumbashi, bila mtaa)

Pesa hairuki. Mwaka 2013 waliomba dola 900,000 kwenye Kickstarter, tovuti ya kuchangisha pesa kwa umma, wakapata karibu milioni 4, wakaahirisha mara kadhaa, wakatoa Juni 2016 gemu yenye sura iliyopauka. Jina la Keiji Inafune, mtayarishaji wa zamani wa gemu za Mega Man, na kumbukumbu ya gemu hizo vilikuwa vimeshauza tiketi kabla gari halijaundwa. Linganisha na Mega Man 9 ya Capcom, 2008: ilirudi 8-biti kwa makusudi, ikamnyima hata mhusika wake kuteleza chini na kukusanya nguvu ya risasi, mambo aliyokuwa ameshayapata katika matoleo ya kati, kabla ya hilo la 9, kisha hatua zikapangwa kulingana na upungufu huo. Wahakiki walisifu mpangilio huo wa hatua. Pikseli zilikuwa nguo tu.

Na onyo ambalo hukuliomba: usilipie gemu ambayo bado ni picha na ahadi.

Gemu ngumu kuliko zote ni ipi?

Ngumu kwa nani, kwa maneti (kile cha kushika mkononi) gani? Rudi na swali kamili.

Yaya yangu anasema kutumia hali ya msaada kwenye Celeste ni wizi. (Katuba)

Mwambie yaya, kwa heshima zote, kwamba hata yeye anasaidiwa, ila hajui. Celeste, ya 2018, inamhurumia kila mchezaji. Ukishavuka ukingo na miguu iko hewani, gemu inakuruhusu bado kuruka kwa sekunde 0.1, kwa fremu 60 kwa sekunde, hizo ni fremu 6. Na ukibonyeza kuruka kidogo kabla ya kugusa ardhi, amri inawekwa akiba, inatekelezwa ukitua. Katika gemu nyingi za zamani ungetumbukia tu, ukalaumu kitufe. Wachezaji wanasema gemu hii ni ngumu lakini ya haki. Haki hiyo imejengwa na fremu hizo 6 za uongo mtamu.

Hali ya msaada inaendeleza palepale: unapunguza kasi ya gemu hadi nusu, unaongeza kuchupa hewani (yaani kufyatuka ghafla upande unaoutaka), au unamfanya mhusika asife. Anza na kasi ya asilimia 90 tu kabla ya kugusa mengine. Anayeruka moja kwa moja hadi kutokufa atamaliza kwa jioni moja na atakuwa ametazama milango bila kuingia.

Kwenye laptop yangu pikseli zinacheza kama maji. Wahakiki hawakusema. (Kampemba)

Hawakusema kwa sababu skrini zao si kama yako. Laptop nyingi za mitumba zina pikseli 1366 kwa 768. Celeste inachorwa 320 kwa 180. Gawanya 768 kwa 180, unapata 4.27: pikseli nyingine zinanenepa kuwa 4, nyingine 5, na mhusika akitembea unene unahamahama. Ndiyo maji yako. Zima hali ya skrini nzima kwenye mipangilio, chagua dirisha la mara 4, yaani 1280 kwa 720. Utabaki na pembezoni tupu, na picha itatulia. Kwenye skrini ya 1920 kwa 1080 ni mara 6 kamili, huna la kufanya. Ukiona chaguo la kulainisha picha, lizime.

Mkiunganisha na televisheni sebuleni, washeni hali ya mchezo kwenye menyu ya televisheni yenyewe. Bila hiyo, televisheni inapamba picha kabla ya kuionyesha, na inachelewa. Fremu moja ni milisekunde 16.7, televisheni ikichelewa milisekunde 100, zile fremu 6 za huruma zimeliwa zote. Unabonyeza ukijiona ukingoni, kumbe umeshaanguka. Kisha mnaandika kwamba vitufe ni vizito.

Sonic Mania inakwama, gemu mbovu. Nilipewa kwenye flashi. (Ruashi)

Hii ni mara ya nne, na jibu ni lilelile. Umehukumu flashi, Sonic hujamwona bado. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uangalie kinachokula prosesa wakati gemu imefungwa. Ukikuta programu usiyoijua inakula nusu ya mashine, una mgeni ndani, na amekuja na ile flashi.

Kuna funzo la kweli hapa, lakini. Sonic Mania ilitoka kwenye konsoli tarehe 15 Agosti 2017, wahakiki wakaisema Sonic bora ya miaka mingi. Kwenye kompyuta ilikuja tarehe 29, na kufuli la Denuvo, la kuzuia nakala za wizi, ambalo wanunuzi hawakutangaziwa vizuri, na mwanzoni ikagoma kufunguka bila intaneti. Wanunuzi wakaiteremshia alama. Gemu ni ileile. Mmoja alipima mruko, mwingine alipima kufuli. Kwetu, ambako mega zinaisha katikati ya wiki, kufuli nalo lina uzito wake. Kwa hiyo kila gemu mpya ya Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, ifungueni mara moja mkiwa na mtandao, hadi mcheze kidogo, kisha ndiyo mhamie hali ya nje ya mtandao.

Yooka-Laylee ilifanana kabisa na gemu za 3D za zamani. Kosa lake nini? (Kamalondo)

Hilohilo. Mwaka 2017 ilirudi hata na kamera inayogota ukutani. Mwaka 2019 Playtonic, watengenezaji walewale, walitoa Yooka-Laylee and the Impossible Lair, ya kutazamwa kwa ubavu, na ilipokewa vizuri zaidi.

Mbona Mario ya kwenye simu inakimbia kuliko ile ya Polystation ya zamani? (Kenya, ile ya Lubumbashi)

Swali bora la safari hii. Mashine nyingi za hapa, zikiwamo hizo Polystation zinazoiga NES, zilitengenezwa kwa televisheni za hezi 50, yaani zinazochora picha mara 50 kwa sekunde. Kasete iliyoandikwa kwa hezi 60 ikichezwa humo inakwenda kwa sehemu tano kati ya sita za kasi yake: wimbo wa sekunde 60 unachukua 72, na Mario naye anakokota miguu. Ya simu inakwenda kasi iliyokusudiwa. Sasa mhakiki wa Marekani anapoandika kwamba mruko fulani "ni uleule wa zamani", anakumbuka hezi 60, na mkono wako unakumbuka 50. Usishangae gemu aliyoiita nyepesi ikakuona mzito.

Pesa inatosha moja: Celeste au Shovel Knight? Nina kibodi tu. (Katuba)

Shovel Knight. Celeste inataka kuchupa pande nane, na kibodi nyingi za bei ndogo hukataa vitufe vitatu kwa pamoja. Kama tayari umenunua Celeste, shikilia mshale wa juu na wa kulia, kisha ubonyeze cha kuchupa. Kisipoitika, kihamishie kwenye herufi nyingine, jaribu tena hadi upate inayoitika.