Spoku zako zinakatika kwa sababu zimelegea

Enzi nauza maji Dodoma, madumu manne ya lita 20 kwenye keria ya baiskeli, nilikuwa nakata spoku za nyuma kila wiki. Mbili, tatu. Na zote palepale, shingoni, zinapokunja kuingia kwenye habu, kile kitovu cha katikati ya gurudumu. Nikasema mzigo umezidi, nikanunua spoku nene. Hela ikaenda, nazo zikakatika.

Kosa langu ni kwamba nilizichukulia spoku kama nguzo za kibanda. Hebu shika spoku moja, isukume ncha zote mbili zikutane: inapinda kama njiti ya fagio. Hiyo haiwezi kukubeba kwa kusimama. Inabeba kwa kuvuta. Zote zinaivuta ringi kuelekea kwenye habu, na gurudumu lililokazwa vizuri kila spoku huwa inavuta hata kilo 100 kabla hujapanda. Ukikaa, zile chache za chini zinapunguziwa mvuto. Za juu karibu hazina habari. Kama unabisha, mpandishe mtu, halafu igonge kwa ukucha spoku iliyo chini kabisa. Sauti yake inakuwa nzito kuliko kabla hajakaa. Ya juu inalia vilevile.

Sasa zikiwa zimelegea tangu mwanzo, ile inayofika chini inaishiwa mvuto kabisa, ikipanda inavutwa tena. Gurudumu la inchi 28 linazunguka kama mara 450 kwa kilomita moja. Umeshawahi kukata waya bila koleo? Unaukunja huku, unaukunja kule, unaachia. Ndicho kilichokuwa kinanipata mimi, na unene haukusaidia kitu.

Fundi mmoja wa chini ya mwarobaini ndiye aliyenionyesha: bana spoku mbili mbili kwa vidole, tafuta zinazobonyea. Toa upepo kwanza, maana ncha ikichomoza inatoboa tyubu. Kaza robo mzunguko tu, zungusha gurudumu, angalia ringi isiyumbe, kisha rudia. Kazi ya kuchosha, nakiri. Na ikikatika moja usijipe moyo kwamba zimebaki 39: ringi inavutwa upande wa pili, inaanza kukwaruza breki, na jirani zake ndio wanaofuata.

Tangu siku hiyo nazikagua kila Jumapili. Zile nene zilizokatika alizichukua jirani yangu, anachomea mishikaki.