Foleni imejaa MAILER-DAEMON: spamu ikataliwe mlangoni

Mkuu, kabla hujaanza kufomati seva yako ya barua pepe, piga mailq (amri ya kuonyesha barua zilizokwama kwenye foleni) uangalie nani mtumaji. Ukiona jina la mtumiaji wako mmoja limejirudia basi akaunti yake imeibiwa, badilisha nywila haraka, hiyo kesi nyingine. Ila wewe umesema ni MAILER-DAEMON tupu (jina la seva yenyewe inapotuma taarifa) zinaenda kwa watu usiowajua na IP imeshaingia blaklisti (orodha ya seva zinazoshukiwa kutuma spamu), hizo ni baunsi, yaani taarifa za "barua yako imegoma", na seva yako inazizalisha yenyewe.

Iko hivi, spamu inakuja na anwani ya mtumaji ya kughushi, seva yako inajibu 250 maana yake nimepokea, halafu baadae ndo inagundua huyo mpokeaji hayupo au filta inasema hii spamu, sasa kwa kuwa ilishapokea inabidi imjulishe mtumaji, na huyo "mtumaji" ni mtu wa watu hajatuma chochote. Kwake wewe ndo spama.

Dawa ni kukataa na 550, maana yake sipokei, konekshen ikiwa bado wazi. Hapo mzigo wa kutoa taarifa unabaki kwa seva iliyoleta. Boti la spamu halijisumbui, ila seva ya kweli itamwambia mtu wake barua imegoma, kwa hiyo hata ukikataa barua halali kimakosa mwenyewe anajua. Ndo maana sipendi kufuta kimyakimya.

Kwenye Postfix (programu ya seva ya barua) cheki relay_recipient_maps, orodha ya wapokeaji halali, ikiwa tupu seva inapokea jina lolote la domeini unazorelei, yaani unazopokelea barua na kuzipeleka seva nyingine. Pia catch-all (mstari wa kupokea majina yote) ya @domeini kwenye virtual_alias_maps, ile inafanya kila jina lionekane halali, mi naitoaga kwanza. Filta iweke kama milter, inayokagua konekshen ikiwa bado wazi, badala ya content_filter inayokagua barua ikishapokelewa, na kama umekwama na amavis (programu ya kuchuja spamu) ya baada ya foleni usiiache kwenye D_BOUNCE, inayorudisha baunsi. MX ya akiba (seva ya pili inayopokea barua ya kwanza ikizimika) nayo iwe na orodha ileile ya wapokeaji, spama wanaipendaga hiyo kwa sababu huwa imesahaulika.

Wakati unajaribu weka soft_bounce = yes, 5xx (kukataa moja kwa moja) zinageuka 4xx (jaribu tena baadae) so ukikosea barua zinarudi tena baadae. Usije ukablok mtumaji mtupu, anwani ambayo baunsi zote hutumia, <> kwa hasira, utazuia na baunsi halali za watu wako.

Foleni iliyopo usipige postsuper -d ALL, amri ya kufuta foleni yote, utafuta na za wateja. Chuja za MAILER-DAEMON tu, na bounce_queue_lifetime (muda baunsi inakaa foleni ikijaribiwa) ishushe toka siku 5 hadi 1. Ukimaliza ndo uombe kutolewa blaklisti, sio kabla.