Anza na mgongo wa ala

Mwaka 1987, katika kaburi moja huko Kirkburn, East Yorkshire, Uingereza, wanaakiolojia walichimbua upanga ambao sasa uko British Museum mjini London. Urefu wake ni karibu sentimita 70, na umeunganishwa kwa vipande zaidi ya 70. Mpini peke yake una vipande 37 vya chuma, bronzi na pembe, pamoja na mapambo ya kioo chekundu. Mara ya kwanza nilipousogelea, kilichonishika hakikuwa mpini. Ala yake, yaani mfuko wa kuutia upanga, iliwahi kuharibika, na fundi fulani, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, akaitengeneza ili iendelee kuvaliwa. Mimi ni mtoto wa sonara. Nimekulia Mji wa Kale, Mombasa, nikimtazama baba akiunga mikufu ya watu iliyokatika kwa uangalifu uleule aliotumia kwenye mikufu mipya. Mbele ya kabati lile la kioo niliielewa kazi ya yule fundi kama naelewa lugha ya kwetu.

Sasa ni miaka sita, hapa Hull ninapoishi, natengeneza nakala za ala za Waselti, watu wa kale wa Ulaya waliotengeneza panga kama huo, na vifaa vyake katika banda la nyuma ya nyumba. Huniandikia vijana wenye hamu ya kujaribu, na karibu wote huanza kwa kunitumia picha ya nakshi: mizunguko ile inayojikunja kama mizabibu. Wanauliza watumie kalamu gani ya kuchorea. Ninawajibu wote sawa: iacheni nakshi kwanza, igeuzeni ala, tuanze na mgongo.

Ala nyingi za Waselti ni mabamba mawili membamba, ya chuma au ya bronzi. Mara nyingi kingo za bamba la mbele hukunjwa juu ya bamba la nyuma na kulibana. Ncha hushikwa na fremu inayoizunguka kama herufi U. Mgongoni kuna kishikio cha kupitisha mkanda. Hayo mambo matatu, yaani mkunjo, fremu na kishikio, yakikaa sawa una ala. Yasipokaa sawa, nakshi itakuwa imechorwa juu ya bati lililokunjamana.

Kishikio kitakuambia pia upanga ulivaliwaje. Waselti wa bara la Ulaya waliuning'iniza upande wa kulia wa kiuno, na kishikio chao kiko juu, karibu na mdomo wa ala. Hapa East Yorkshire kiko katikati ya mgongo wa ala, na vinyago vidogo vya chokaa vilivyookotwa huku vinaonyesha watu waliobeba upanga mgongoni. Kwa hiyo usichanganye. Nimeona nakala yenye kishikio cha Uswisi, nakshi ya Ireland na fremu ya Yorkshire, na iliniuma, kwa sababu aliyeitengeneza alikuwa na mkono mzuri sana. Chagua ala moja ya kweli uifuate. Ukiwa karibu na Neuchâtel, Uswisi, nenda makumbusho ya Laténium, jirani na La Tène kwenyewe, ambako panga zilianza kutolewa ziwani mwaka 1857. Ukiwa huku, makumbusho ya Hull yana panga tano za South Cave, zote ndani ya ala zake, zilizopatikana mwaka 2002 pamoja na vichwa 33 vya mikuki. Na ukiwa mbali na kote huko, hifadhidata ya Portable Antiquities Scheme ina picha na vipimo vya vifaa vya ala vilivyookotwa mashambani Uingereza, na kuitazama ni bure.

Tuje kwenye kazi. Usianze na upanga wenye makali. Chonga upanga wa mti mgumu, wenye umbo na unene wa ule unaoufuata. Uzungushie ngozi laini yenye unene wa milimita moja kabla ya kupima bamba. Ala yangu ya kwanza niliikunja juu ya mti mtupu. Ilipendeza, lakini upanga haukutoka. Niliuvuta kwa jiliwa na bamba likachanika kuanzia mdomoni hadi katikati, kazi ya wiki tatu. Ile ngozi ndiyo nafasi ya upanga kupumua, na unaitoa mkunjo ukishakamilika.

Jizoeze kwa shaba nyekundu ya nusu milimita, ile ya kuezekea, kwa sababu ni laini na inasamehe. Ukiizoea, nunua bamba la bronzi. Waselti hawa walitumia bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na madini ya bati. Shaba ya njano, yenye zinki, ilienea huku baadaye pamoja na Warumi, na rangi yake ni ya manjano mno ukiiweka kando ya bronzi. Tena ina hatari yake. Siku moja niliipasha moto kupita kiasi ndani ya banda lililofungwa, ikatoa moshi mweupe; usiku huo nilitetemeka kama mgonjwa wa malaria. Huo ulikuwa moshi wa zinki. Fungua milango, fanya kazi nje ukiweza, na usipashe moto chuma chochote kilichopakwa zinki.

Bronzi hukakamaa kila unapoigonga. Ukiendelea kuigonga hivyo hivyo, itatia ufa kwenye kona ya mkunjo. Ilainishe: zima taa, pitisha moto wa tochi ya gesi taratibu mpaka uone wekundu hafifu kama wa kaa linalokaribia kuzimika, kisha itumbukize majini. Itatoka nyeusi. Baba alisafisha weusi wa namna hii kwa ukwaju, nami hufanya vivyo hivyo, ingawa asidi ya sitriki katika maji moto ni ya haraka zaidi.

Piga mstari milimita nne kutoka ukingoni. Bana bamba kati ya vipande viwili vya chuma vilivyonyooka na ulikunje kwa nyundo ya mbao, nyuzi 90 tu kwa mara ya kwanza. Usimalize upande mmoja peke yake. Nenda kidogo huku, kidogo kule, urefu wote, la sivyo ala itapinda kama ndizi. Kisha laza bamba la nyuma ndani na ufunge mkunjo juu yake. Hapa ndipo mtu huchoka na kutaka kumaliza kwa nguvu. Lainisha tena. Mimi hulainisha mara nne au tano kabla ala haijafungwa.

Kumbuka tu kwamba kishikio kinatakiwa kufungwa kwenye bamba la nyuma kabla ya kulilaza. Ribiti zake nazikata kutoka waya wa shaba wa milimita mbili, kichwa kikiwa ndani, kimepigwa kikawa bapa kabisa na kusuguliwa kwa tupa ili kisikwaruze upanga. Pitisha kidole. Kidole kikikwama, upanga nao utakwama.

Fremu ya ncha ndiyo ngumu. Mafundi wa kale walijua kuimimina kwa nta: umbo hufinyangwa kwa nta, hufunikwa kwa udongo, nta huyeyushwa itoke, na bronzi humiminwa mahali pake. Huko Gussage All Saints, Dorset, uchimbaji wa mwaka 1972 ulitoa maelfu ya vipande vya kalibu za udongo za namna hiyo, za vifaa vya farasi na magari yao. Nami hufinyanga nta ya nyuki moja kwa moja juu ya ncha ya ala, nikiwa nimeifunika kwa karatasi nene mbili, kwa sababu bronzi hunywea ikipoa. Lakini kumimina bronzi ni kushughulika na kitu chenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000 za Selsiasi, na kalibu yenye unyevu kidogo tu humrukia mtu usoni. Kama hujafundishwa na mtu aliyesimama kando yako, usijaribu. Chonga fremu kwa msumeno na tupa kutoka bamba nene. Nakala zangu mbili ninazozipenda zaidi zilitengenezwa hivyo.

Nakshi sasa. Huchorwa bamba likiwa bado bapa, limelazwa juu ya lami au ubao, kwa hiyo kwenye ala ya kwanza iache, uirudie kwenye ya pili. Chora kwanza kwa bikari, maana mizunguko hii imejengwa kwa tao juu ya tao. Mstari wenyewe jaribu kuukata kwa patasi nyembamba unayoiyumbisha kushoto na kulia huku ukiisukuma. Itaacha alama ya meno madogo inayonasa mwanga. Mahali pa kioo chekundu mimi hutumia lakiri nyekundu. Wekundu wake umekaribia sana ule wa zamani, na ukikosea unaipasha moto na kuanza upya.

Wengi huniomba dawa ya kuipa ala rangi ya kijani ya makumbusho. Siitumii. Ule ukijani ni wa kaburi. Aliyeivaa aliijua ikiwa na rangi ya dhahabu, na mimi huing'arisha hivyo.

Jambo la mwisho hufanywa kabla mkunjo haujafungwa: upande wa ndani wa bamba la nyuma napiga herufi zangu na mwaka. Mtu mmoja aliwahi kunipa pesa nzuri nimtengenezee ala isiyo na alama, kisha niizike bustanini ishike ukale. Nilimrudishia pesa zake. Herufi zile huwezi kuzifuta mpaka uifungue ala yote, na atakayeifungua atazikuta.