Jibu: AC ya kaseti inaisha gesi kila mara, nipime uvujaji kwa oksijeni?

Salama mkuu. Umesema kaseti (AC ya kwenye dari) ya BTU 48,000, gesi ya kupozea R410A, umeongeza gesi mara mbili na bado inaisha, sasa unataka kujaza oksijeni utafute panapovuja kwa sababu mtungi wake unao. Tafadhali usifanye hivyo! Oksijeni yenye presha ikikutana na oili ya kompresa inalipuka, na inaua. Tumia nitrojeni kavu, tena kwa regyuleta (kifaa cha kupunguza presha), maana mtungi uliojaa unapita psi 2,000 (psi ni kipimo cha presha).

Zima umeme kwenye meni (swichi kuu) na ufunge kwa kufuli. Gesi iliyobaki ikusanye kwa mashine, usiiachie hewani. Ingiza nitrojeni hadi psi 150, paka povu la sabuni. Anza na nati za flea (flea ni mdomo wa bomba la shaba uliopanuliwa ili nati iubane): ukiona doa la oili lililonasa vumbi, karibu kila mara ni hapo. Pasipotoka mapovu, panda presha polepole, usivuke presha iliyo kwenye kibandiko cha mashine.

Flea inayovuja ikate upya. Kuikaza zaidi kunapasua shaba. Ukichomelea, pitisha nitrojeni kidogo ndani ya bomba, la sivyo magamba meusi yataziba valvu.

Kisha vuta vakyumu (toa hewa yote kwa pampu) hadi mikroni 500 kwenye geji ya vakyumu, tenga pampu, subiri dakika 10. Namba ya mikroni ikipanda kidogo ikatulia, bado kuna unyevu. Ikipanda bila kusimama, bado panavuja. Gesi jaza kwa mizani, ikitoka mtungini ikiwa kimiminika, kwa uzito wa kwenye kibandiko pamoja na nyongeza ya urefu wa bomba.