Wasomaji Wanauliza: Mishipa Midogo ya Ubongo na Demensia

Safari hii barua nyingi zimetoka kwa waliomaliza uzamivu na kwa wanaofanya kazi nao. Tumezifupisha na kuondoa majina. Mada ni ugonjwa wa mishipa midogo ya damu ya ubongo, ambao unaweza kuleta kiharusi na demensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na fikra.

Shikamooni. Nimemaliza uzamivu wa fiziolojia hapa Kampala, na nimepewa nafasi mbili za utafiti wa baada ya uzamivu, zote za miaka miwili huko Ulaya. Moja ni maabara ya panya wa CADASIL, nyingine ni kikundi cha picha za ubongo. Nia yangu ni kurudi nyumbani. Nichague ipi? – Mhitimu, Wandegeya

Marahaba, na hongera. Anza na hesabu ya miezi. CADASIL ni ugonjwa wa kurithi wa mishipa midogo ya ubongo unaotokana na kasoro ya jeni ya NOTCH3 kwenye kromosomu ya 19. Panya waliopandikizwa kasoro hiyo huanza kuonyesha hitilafu ya mtiririko wa damu wakiwa na takriban miezi 6, na madhara ya mada nyeupe (nyuzi zinazounganisha sehemu za ubongo) huchelewa zaidi ya hapo. Maabara isipokuwa na panya wazima tayari siku utakayofika, mwaka wa kwanza utaishia kwenye kuzalisha na kusubiri. Kwa hiyo muulize mkuu wa maabara: panya wangapi wa miezi 6 au zaidi watakuwapo mwezi wa kwanza? Akijibu kwa maneno ya jumla, umeshajibiwa.

Upande wa picha una faida moja kubwa kwa anayerudi: kompyuta nzuri na ujuzi wa uchambuzi husafirika, ilhali darubini ya leza ya kuangalia kapilari (mishipa myembamba kuliko yote) ndani ya ubongo hai haisafiriki, na fundi wake hayupo mjini. Hata hivyo, ikiwa swali lako ni *kwa nini* kapilari inashindwa kuita damu pale seli za neva zinapoihitaji, picha za MRI (za mashine ya sumaku) hazitakujibu, nenda kwa panya. Tungependa tu usichague maabara kwa sababu ya jina la mji.

Kabla ya kutia sahihi, andikiwa kwamba utaruhusiwa kuondoka na data ya mradi wako. Na ukishapata ajira chuoni hapa, angalia ruzuku ya K43 ya kituo cha Fogarty cha Marekani. Imetengwa kwa watafiti wa nchi zetu wanaobaki kwenye taasisi zao, na hudumu miaka 3 hadi 5.

Tunatumia MRI ya tesla 1.5 (kipimo cha nguvu ya sumaku). Tulipakua programu ya kupima ujazo wa madoa meupe ya ubongo (dalili ya mishipa midogo iliyoharibika), lakini majibu ni ya ajabu: mzee mwenye akili timamu anatoka na madoa mengi kuliko mwenzake aliyepata kiharusi. Tunakosea wapi? – Mtaalamu wa radiografia, Mbarara

Huenda hamjakosea. Watu wengi waliopita miaka 60 wana madoa meupe na wanaendesha maduka yao bila shida. Ila kabla ya kukubali namba hiyo, ikagueni programu yenyewe. Nyingi zilifunzwa kwa picha za FLAIR (aina ya picha za MRI inayofanya madoa hayo yang'ae) za tesla 3, zenye vipande vyembamba, za wazee wa Ulaya na Marekani. Ukiilisha picha za tesla 1.5 zenye vipande vya milimita 5, inabahatisha. Fungueni picha kumi na mwangalie kingo za pembe za ventrikali (vyumba vya maji ndani ya ubongo), ukuta mwembamba unaotenganisha ventrikali mbili, na eneo la shina la ubongo, ambako mdundo wa maji ya ubongo huacha mwangaza wa uongo. Programu ikiwa imepaka rangi humo, namba zenu zimevimba.

Mfuatano unaofanya kazi ni huu: sawazisheni kwanza mwangaza usio sawa wa picha (njia ya kompyuta iitwayo N4 inatosha), lazeni FLAIR na T1 (picha ya MRI ya umbo la ubongo) za mtu yuleyule zilingane mahali kwa mahali, ondoeni fuvu, acheni programu itenge madoa, kisha mtu apitie kila picha kwa macho na kufuta yaliyo ya uongo. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa bajeti ikibana. Afadhali mpunguze idadi ya washiriki kuliko kuiruka. Ujazo mliopata ugawanywe kwa ujazo wa ndani ya fuvu, maana vichwa havilingani, na uwekwe kwenye logarithimu, kwa kuwa wengi wana madoa machache na wachache wana mengi mno.

Sambamba na programu, tumieni alama za Fazekas, ambazo mtu hutoa kwa macho kulingana na wingi wa madoa. Zipo tangu 1987, ni 0 hadi 3, na hutolewa mara mbili: kando ya ventrikali, na ndani ya mada nyeupe ya kina. Wasomaji wa picha wawe wawili, wasijue umri wala presha ya mwenye picha. Wasome picha 30 zilezile, na warudie baada ya wiki mbili. Kapa yenye uzito (kipimo cha jinsi usomaji unavyokubaliana, 1 ikiwa ni kukubaliana kabisa) ikiwa chini ya 0.7, kaeni chini muandike upya kanuni zenu kabla ya kugusa picha nyingine.

Kuhusu mengine mtakayoyaona, vigezo vya STRIVE vya 2013, vilivyohuishwa 2023, ndivyo lugha ya pamoja ya fani hii. Lakuna ni tundu lenye maji, mara nyingi lililoachwa na kiharusi kidogo, la milimita 3 hadi 15, na mara nyingi lina ukingo mweupe kwenye FLAIR. Nafasi inayozunguka mshipa kwa kawaida haifiki milimita 3, hufuata mwelekeo wa mshipa na haina ukingo huo. Wanaoanza huvichanganya karibu na ganglia za msingi (viini vilivyo ndani kabisa ya ubongo).

Vidoa vya damu iliyovuja ndivyo vitakavyowatesa hapa Uganda. Ni vyeusi kwenye picha za SWI au T2* (aina mbili za picha za MRI zinazogundua damu), vya milimita 2 hadi 10. Tatizo ni kwamba uvimbe wa minyoo ya tegu ya nguruwe uliokauka na kuwa chokaa ubongoni nao ni mweusi na mviringo, na ugonjwa huo upo nchini. Angalieni picha za fezi (zinazotoka kwenye upigaji uleule wa SWI): damu ya zamani na chokaa hupotosha uga wa sumaku kwa pande zinazopingana, hivyo huonekana kwa rangi tofauti. Mkiwa na shaka, picha ya CT (eksirei ya tabaka) itaonyesha chokaa waziwazi. Na msichanganye washiriki waliopigwa SWI na waliopigwa T2* kwenye hesabu moja, kwa sababu SWI huonyesha vidoa vingi zaidi kwa mtu yuleyule.

Mtu ameuliza pia kuhusu mashine ya MRI ya sumaku hafifu iliyounganishwa hapohapo Mbarara, kwenye Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, mwaka 2022. Ni kazi ya kujivunia, lakini kwa militesla 50 (tesla 0.05) msitarajie kuhesabu vidoa vya damu.

Tunawahoji wazee vijijini karibu na Masaka. Karibu wote wanafeli MoCA, kipimo cha kumbukumbu na fikra. Je, wote wana demensia? – Msaidizi wa utafiti

Hapana. MoCA ina alama 30, na mpaka wake wa 26, ambao chini yake mtu huhesabiwa kuwa na upungufu, uliwekwa Montreal, Kanada. Alama moja inayoongezwa kwa aliyesoma miaka 12 au pungufu haimsaidii jjajja (bibi au babu) aliyeishia darasa la tatu na hajawahi kuambiwa achore mchemraba.

Tumieni IDEA (kipimo kingine cha fikra), iliyotengenezwa kwa wazee wa Hai, Kilimanjaro, na wa Nijeria. Haihitaji kusoma wala kuandika: mzee hupanga njiti za kiberiti, hutaja wanyama, hukumbuka maneno kumi. Upungufu wake ni kwamba inalenga demensia kwa jumla, na ugonjwa wa mishipa midogo hupiga kwanza kasi ya kufikiri na uwezo wa kupanga mambo, kumbukumbu ikiwa bado nzuri. Ongezeni basi kurudia tarakimu kinyumenyume na mwendo wa mita 4 unaopimwa kwa saa ya kusimamisha, maana ugonjwa huu hupunguza pia kasi ya kutembea. Halafu mumhoji anayeishi naye: bado anahesabu chenji sokoni? Ameacha kupika alichokuwa akipika?

Pimeni kwa lugha ambayo mzee huhesabia pesa zake. Huko Masaka mara nyingi ni Luganda, hata kama Kiswahili anakijua. Masikio na macho yakaguliwe kabla ya swali la kwanza. Asiyesikia maneno kumi hawezi kuyakumbuka. Virusi vya Ukimwi, kaswende, vitamini B12, tezi ya shingo na sonona vichunguzwe kabla ya kumwandika mtu kuwa na demensia.

Na presha. Tumeona fomu zenye kipimo kimoja kilichochukuliwa mzee akiwa ametoka tu kushuka kwenye bodaboda. Apumzike dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono umeegeshwa usawa wa moyo, asiongee. Pimeni mara tatu kwa kupishana dakika moja, mchukue wastani wa mbili za mwisho. Mkanda mdogo kwa mkono mnene hutoa presha ya juu kuliko ilivyo, kwa hiyo bebeni saizi tatu.

Nimetoka Jinja, niko maabara ya Ulaya. Ateri ndogo za ndani ya ubongo wa panya ninazofunga kwenye pipeti (kijibomba cha kioo) hazijikazi kabisa zikipewa shinikizo. Nimebadilisha kila kitu. – Mtafiti wa baada ya uzamivu

Ndugu, rudi kwenye kipimajoto. Pima ndani ya chemba yenyewe, kando ya mshipa, iwe nyuzi 37, kwani kisanduku cha kupasha joto husema lake. Pili, funga bomba: shinikizo likishuka kutoka milimita 40 za zebaki, kuna tawi linalovuja. Tatu, pH. Gesi ya CO2 ikizidi asilimia 5, maji yanayouzunguka mshipa huwa na asidi na mshipa hulegea.

Vyote vikiwa sawa, subiri hadi saa moja, kisha weka potasiamu ya milimola 60. Mshipa usipobana, misuli yake ulishaivuta ukaiua wakati wa kuuchomoa, tupa. Mshipa ukibana vizuri lakini NS309 (kemikali ya kuupanua) ya maikromola 1 isiupanue, endotheliamu, yaani utando wa ndani wa mshipa, imekufa, na mara nyingi muuaji ni kiputo cha hewa kilichopita kwenye pipeti.

Mama yangu ana presha na amekuwa mzito wa kufikiri. Ameombwa aingie kwenye utafiti. Kuna dawa, au wanatafuta tu picha? – Binti, Entebbe

Dawa iliyothibitishwa kuuzuia ugonjwa wenyewe bado. Jaribio la LACI-2 la Uingereza, lililochapishwa 2023, liliwapa watu 363 waliopata kiharusi cha lakuna silostazoli, isosobaidi mononitreti (zote ni dawa za mishipa ya damu), zote mbili kwa pamoja, au bila hata moja. Dawa zilivumilika na dalili ni za kutia moyo, lakini jaribio kubwa zaidi linahitajika. Usimnunulie mama famasini.

Presha ndiyo yenye ushahidi. Katika jaribio la SPRINT MIND la Marekani, 2019, kulenga namba ya juu chini ya 120 badala ya 140 kulipunguza upungufu mdogo wa akili (hatua ya kabla ya demensia) kwa takriban asilimia 19. Kwa demensia yenyewe tofauti haikutosha kitakwimu, na wenye kisukari au waliowahi kupata kiharusi hawakuwamo. Daktari wa mama ndiye wa kuamua namba yake, na ampime pia akiwa amesimama, asije akaanguka.

Kuhusu utafiti, omba kuona barua ya kamati ya maadili na namba ya usajili ya Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Wakiwa wanajaribu dawa, waonyeshe pia kibali cha Mamlaka ya Taifa ya Dawa. Maelezo yasomwe kwa lugha ya mama, na kama hasomi, awepo shahidi asiye wa timu yao anapoweka dole gumba. Uliza pia: picha ikionyesha uvimbe au damu iliyovuja, nani atatupigia simu, ndani ya siku ngapi, na nani atalipia hospitali? Hilo linapaswa kuwa limeandikwa kwenye fomu. Kama halimo, waambieni waliandike ndipo mama aweke dole.