Shangazi, marashi ya nywele yameniunguza shingo

*Shikamoo Shangazi. Niliamua kujitengenezea marashi ya nywele. Nilichukua chupa ya kupulizia ya mililita 100, nikaijaza maji ya bomba, nikadondoshea matone 40 ya mafuta ya lavenda na matone 15 ya mafuta ya gome la mdalasini, maana harufu yake naipenda mno. Siku ya kwanza nilitikisa vizuri, nikapulizia, nikanukia mpaka wenzangu kazini wakaniuliza ni marashi gani. Baadaye nikawa napulizia tu bila kutikisa, na harufu ikapotea kabisa, kama vile ni maji matupu. Wiki ya pili chupa ilikuwa imekaribia kwisha. Nikapulizia asubuhi, shingo ikaanza kuwaka moto, na hadi leo nyuma ya sikio kuna alama nyekundu inayowasha. Nimekosea wapi, na vitu vyote nilivyotumia ni vya asili?*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Kwanza, hiyo chupa usiiguse tena. Osha nywele na shingo kwa shampuu isiyo na harufu kali, na usipake kitu chochote chenye manukato hapo mpaka ngozi itulie. Ukiona alama inasambaa, inatoa malengelenge, au siku chache zimepita na haipungui, nenda kwa daktari, na vile vichupa viwili vya mafuta nenda navyo avione.

Sasa tuzungumze, maana barua yako imeeleza kosa lenyewe vizuri kuliko ninavyoweza kulieleza mimi. Kama hujaimwaga hiyo chupa, iinue kwenye mwanga wa dirisha bila kuitikisa. Juu ya maji utaona utando mwembamba unaong'aa. Hayo ndiyo mafuta yako. Hayakuwahi kuchanganyika na maji hata siku moja. Ulipotikisa yalivunjika vitone vidogo vidogo kwa dakika chache, kisha yakapanda tena juu. Angalia na ule mrija wa kupulizia: mdomo wake uko chini kabisa. Ndiyo maana ulipoacha kutikisa ulikuwa unajipulizia maji matupu. Maji yakaendelea kushuka, utando nao ukashuka nayo, hadi siku ile ulipoufikia mdomo wa mrija. Asubuhi hiyo shingo yako ilipata mafuta yenyewe, bila maji.

Tena ndani yake yalikuwamo mafuta ya gome la mdalasini. Hapo nisikufiche: katika mafuta yote ya kunukia, haya ni miongoni mwa makali kabisa kwa ngozi. Kinachoyapa ile harufu tamu unayoipenda ni kemikali iitwayo sinamaldehaidi, na hiyohiyo ndiyo inayounguza na kuleta mzio. Wanaojua kazi hii huyawekea kikomo cha chini ya asilimia 0.1 kwenye kitu kinachobaki mwilini bila kuoshwa. Tone moja la kawaida ni kama sehemu moja ya ishirini ya mililita, kwa hiyo matone yako 15 ni karibu asilimia 0.75 ya chupa nzima. Hata yangechanganyika sawasawa, yangekuwa yamezidi kikomo zaidi ya mara saba.

Hilo la "vitu vya asili" nalisikia kila wiki, na kila wiki linaniumiza moyo. Upupu nao ni wa asili. Mafuta ya kunukia ni mmea uliokamuliwa ukabaki nguvu tupu. Kilo moja ya mafuta ya waridi hutokana na maelfu ya kilo za maua. Kitu kilichokusanywa namna hiyo hakipakwi kama mafuta ya kupaka, kinapimwa kwa matone. Na mzio wa ngozi una tabia mbaya: mwili ukishakikataa kitu, mara nyingi hukikataa maisha yote. Mdalasini wako, mwanangu, uache kabisa, hata kwenye sabuni.

Nikupe namna ninayoitumia mimi. Tengeneza kidogo, mililita 30 tu, kwenye chupa ya kioo cheusi au cha kahawia. Mwanga na joto huyaharibu mafuta haya, na yakishaharibika hukera ngozi kuliko yalipokuwa mapya. Baadhi ya plastiki pia hulainika yakikaa ndani yake.

Kwa mililita 30 weka matone 6 kwa jumla. Si sita ya kila aina, sita yote kwa pamoja. Hiyo ni asilimia 1, na kwa nywele inatosha, kwa sababu nywele hushika harufu kuliko ngozi, na kila ukigeuza kichwa unaisikia. Mchanganyiko wangu wa siku zote ni lavenda matone 3, machungwa matamu 2, na pachuli 1. Usilidharau hilo tone moja la pachuli. Harufu ya machungwa ni nyepesi, hupeperuka kabla hujafika uendako. Lavenda hukaa muda wa kati. Pachuli ni nzito, huondoka polepole na kuzishikilia zile nyingine. Usipoipenda pachuli, msandali hufanya kazi hiyohiyo kwa upole zaidi. Langilangi ni tamu ajabu, lakini tone 1 linatosha, ukizidisha utaumwa kichwa.

Kabla ya kumwaga chochote kwenye chupa, jaribu harufu kwanza. Chukua vijiti vya pamba vya masikioni, kila kijiti tone moja la mafuta tofauti, viweke pamoja ndani ya chupa tupu yenye kifuniko, funga, ulale. Asubuhi fungua unuse. Utajua kama mafuta hayo yanapatana, na hutakuwa umepoteza zaidi ya matone matatu.

Ili mafuta yakae na maji, unahitaji kiunganishi. Kinachopatikana kwa wanaouza malighafi za vipodozi kinaitwa polisobeti 20, kimiminika kizito cha rangi ya manjano kama asali nyepesi. Tia matone yako 6 kwenye chupa kavu, ongeza polisobeti robo ya kijiko cha chai, zungusha chupa taratibu mkononi mpaka uone kitu kimoja kisicho na mawingu. Hapo ndipo unapoongeza maji, kidogo kidogo. Yakigeuka meupe kama maziwa, kiunganishi hakikutosha. Ongeza matone machache ya polisobeti. Ukianza na maji ndipo utie mafuta, umerudi kwenye utando wako wa juu.

Maji yawe yaliyokenekwa, yaani yaliyopatikana kwa kukusanya mvuke, au angalau yaliyochemshwa yakapoa yakiwa yamefunikwa. Na chochote chenye maji huota vijidudu. Miaka ya nyuma niliwahi kusahau chupa kwenye rafu ya bafuni kwa wiki tatu. Nilipoishika, ndani yake kulikuwa na nyuzi nyeupe laini zinazoelea kama pamba iliyochanwa, na bado juu ilinukia lavenda. Ndicho kilichonitisha, kwamba pua isingenionya. Kama huna kihifadhi cha vipodozi, weka chupa kwenye friji, itumie ndani ya wiki moja, inayobaki mwaga. Mafuta ya kunukia si kihifadhi, usidanganyike na harufu yake kali.

Ukishamaliza, paka kidogo ndani ya kiwiko, subiri siku mbili. Najua ni muda mrefu kwa mtu mwenye chupa mpya mkononi. Subiri tu. Kisha pulizia kutoka umbali wa kama sentimita 25, kuanzia katikati ya nywele kwenda ncha, si kwenye ngozi ya kichwa, na funga macho. Ila wewe, mwanangu, usianze mpaka hiyo alama ipone kabisa.

*Shangazi shikamoo. Mimi ni kijana wa kiume, nina rasta za miaka minne. Zina harufu ya uvundo hata nikiosha. Nataka marashi makali yatakayoua hiyo harufu. Niongeze matone mangapi?*

Marahaba. Usiongeze hata moja. Uvundo wa rasta mara nyingi ni maji yaliyonaswa katikati ya rasta, juu pamekauka na ndani pamelowa. Ukiziba kwa marashi, utakuwa na uvundo wenye lavenda. Kamata rasta moja nene saa kadhaa baada ya kuosha, iminye kwa vidole katikati. Ukihisi ubaridi, bado ina maji. Osha asubuhi badala ya usiku, kamua kwa taulo rasta moja moja, zianike, na usizifunge wala kulala nazo kabla hazijakauka mpaka ndani. Punguza na nta na mafuta mazito, hayo hushika uchafu na kuufungia humo. Zikikauka vizuri kwa mwezi mzima na harufu bado ipo, au ngozi ya kichwa inawasha na kutoa magamba, huenda ni fangasi, na hiyo inataka dawa.

Zikishakuwa safi, kwako nashauri marashi ya mafuta badala ya maji, usije ukaziloweka tena. Mililita 10 za mafuta ya jojoba, matone 3 ya rozimari au lavenda, na tone 1 la msandali. Jojoba ni nyepesi na haichachi upesi. Sugua matone mawili viganjani, pitisha juu ya rasta. Harufu hii haisikiki mbali kama ya kupulizia, ila hudumu zaidi.

*Dada, mimi ni mama mwenzako wa makamo. Binti yangu wa miaka miwili anapenda nikimpulizia marashi yangu ya nywele, yana nanaa na mkaratusi. Kuna ubaya?*

Upo, dada yangu, na nakuomba uache leo. Mentholi iliyomo kwenye mafuta ya nanaa na sineoli iliyomo kwenye mkaratusi zinaweza kumsumbua pumzi mtoto mdogo zikiwa karibu na uso wake, na nywele za mtoto ziko karibu sana na pua. Kwa umri huo nywele zake hazihitaji zaidi ya kuoshwa. Akilia anataka, mpe chupa yake ya maji safi ajipulizie. Kwake raha iko kwenye kubonyeza.

Na vichupa vya mafuta yenyewe vifungie juu, asikoweza kufika. Mafuta ya mkaratusi yakimezwa, hata kiasi kidogo, ni hatari kubwa kwa mtoto. Ikitokea, usimtapishe, mkimbize hospitali pamoja na kichupa.

*Shangazi, nitajuaje kama mafuta niliyouziwa ni halisi au yamechanganywa na mafuta ya kupikia?*

Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, liache hadi kesho. Mafuta halisi ya lavenda au machungwa hupeperuka, karatasi ikabaki karibu kavu, pengine na rangi hafifu. Yakiwa yamechanganywa na mafuta ya kupikia, utakuta duara la grisi linalopitisha mwanga ukiinua karatasi. Kipimo hiki hakifai kwa msandali na pachuli, ambazo kwa asili huchelewa kukauka, na hakimkamati aliyechanganya kwa manukato ya kiwandani. Kwa hiyo soma na kibandiko: kiwe na jina la kisayansi la mmea, kwa mfano *Lavandula angustifolia* kwa lavenda. Kikisema tu "harufu ya lavenda", huenda si mafuta ya mmea.

*Shikamoo Shangazi. Nina maswali mawili ya haraka. Marashi yangu ya mwilini naweza kuyapulizia kwenye nywele? Na nimeona watu wanatia mafuta ya bergamoti, nami nakaa juani kutwa.*

Marahaba. Nianze na bergamoti, tunda la jamii ya machungwa, ndilo lenye hatari. Mafuta yake ya kukamua maganda yana kitu kinachoitwa bergapteni, ambacho kikikutana na jua juu ya ngozi huiunguza na kuacha madoa meusi ya miezi mingi. Mahali pa kwanza kuungua ni kwenye njia ya nywele, paji la uso na shingo. Kikomo chake ni asilimia 0.4, yaani matone 2 katika mililita 30, lakini kwa mtu wa juani kama wewe nasema usiweke kabisa, au utafute iliyoondolewa bergapteni. Ndimu ya kukamuliwa nayo ina tabia hiyo. Machungwa matamu hayana shida hiyo.

Marashi ya mwilini kwa sehemu kubwa ni spiriti, na spiriti ya kila siku hukausha nywele hadi zikatike ncha. Siku moja moja pulizia kwenye brashi, hesabu mpaka sitini ili spiriti ipeperuke, ndipo uchane. Na kwa vile wengi hupulizia wakiwa wamesimama mbele ya kioo na pasi ya nywele mkononi: spiriti hushika moto. Maliza kwanza kunyoosha, zima pasi, nywele zipoe, kisha ndiyo uchukue brashi.