Kabati dogo kwa bajeti ya Arusha: nguo chache na fundi mzuri

Arusha hakuna anayekosa nguo kwa sababu nguo ni ghali. Pita soko la mitumba la Kilombero jioni, wakati wauzaji wanataka kufunga mizigo, na shilingi 1,000 yako itakupa blauzi. Kesho yake itakupa nyingine. Ndiyo maana wengi wetu tuna makabati yasiyofungika milango, na kazini bado tunaonekana na nguo zilezile nne. Kinachotumaliza ni hiyo bei ya buku. Kitu cha buku mtu hakifikirii mara mbili, na blauzi kumi za buku zisizoendana na sketi yoyote uliyo nayo ni shilingi 10,000 ambayo ingekupa suruali moja ya maana.

Kabati dogo ni kinyume cha hapo: nguo chache, lakini kila moja inavalika na nyingi kati ya zilizobaki. Wazo lenyewe si la jana. Mwaka 1985 mbunifu wa Marekani, Donna Karan, alijitangaza kwa vipande saba tu vya kuchanganya. Hesabu ya kabati dogo ni nyepesi. Ukiwa na suruali tatu na sketi mbili, na juu ukawa na mashati na blauzi sita, una mavazi 30. Lakini hesabu hiyo inataka kila cha juu kikubaliane na kila cha chini. Sketi moja ya maua ya zambarau isiyotaka kuvaliwa na kitu inakunyang'anya sita kwa mpigo.

Kabla ya kununua chochote, achana na kabati kwanza, kaangalie kamba ya kuanikia. Siku ya kufua, nguo zinazoning'inia pale ndizo nguo zako. Zilizobaki ndani ni stoo. Piga picha ya kamba kwa simu kila ukifua, kwa mwezi hivi, kisha zitazame picha zote pamoja. Utaziona rangi zako, na utajua kama wewe ni mtu wa suruali au unajidanganya. Kamba yangu ilikuwa na sketi pana za kupita goti tu, na zile za kubana hazikuonekana hata mara moja. Sababu ni bodaboda. Mimi natoka Sakina kwenda mjini, na siku za kuchelewa napanda boda. Sketi ya kubana na boda haziivi. Kwa hiyo nguo yoyote ya chini sasa naiuliza swali moja: nikiinua mguu kupanda pikipiki, itaniaibisha? Ikisita, inabaki sokoni.

Kuhusu rangi, ushauri mwingi unaozunguka mitandaoni unakuambia ununue nyeusi, nyeupe na rangi ya maziwa. Kwetu sivyo. Kiangazi vumbi linakaa juu ya suruali nyeusi hadi kila mtu anajua umetembea wapi, na masika udongo mwekundu hauna huruma na cheupe. Rangi zinazobeba maisha ya huku ni bluu iliyoiva, kahawia, kaki, kijani cha jeshi na damu ya mzee. Chagua mbili au tatu ziwe za chini, na juu weka unachopenda mradi kikubaliane nazo. Nyeupe niliyobaki nayo ni shati moja, la siku ambazo najua nitakaa ndani.

Halafu baridi. Mtu wa Dar anadhani Arusha na Moshi ni hali ya hewa moja. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi iko chini ya mita 1,000, na tofauti hiyo inaonekana kwenye kabati. Februari Moshi jua linavuka nyuzi 30 na sweta ni mzigo. Juni hadi Agosti hapa Arusha asubuhi inashuka hadi nyuzi 12 au 13, kunatanda wingu siku nzima Mlima Meru usiuone, halafu saa nane jua linachomoza ghafla na wewe umevaa koti zito. Kwa hiyo kama uko Arusha, pesa yako ya kwanza iende kwenye vitu vya kuvalia juu: sweta jepesi la vifungo, jaketi moja la kukinga upepo, na koti moja la heshima la ofisini. Sweta la kuvaa kwa kupitisha kichwani silipendekezi, litakuharibia nywele saa nane mchana. Majaketi mazuri ya upepo na yale ya manyoya laini hayakosekani miji hii miwili kwa sababu ya biashara ya kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro. Wageni huwaachia wapagazi nguo wanaposhuka, na baadhi yake huishia mikononi mwa wauzaji.

Sasa sokoni. Ninapoenda Moshi kumsalimia mama napita Memorial, na nikipata nafasi Kiboriloni. Huku Arusha nazunguka Kilombero na Samunge, na Tengeru siku za soko, Jumatano na Jumamosi. Kila mahali mpango ni uleule. Belo likifunguliwa, watu wa pointi wanachagua nguo kali kwanza, wanazifua, wanazipiga pasi na kuzitundika kwenye henga. Zinazofuata zinapangwa mezani. Za mwisho zinamwagwa chini kwenye turubai, chagua chagua, buku buku. Watu wa bajeti tunakimbilia turubai moja kwa moja, na mimi nakuomba ufanye nusu nusu. Fulana, sweta na mitandio chukua chini, humo utapata vizuri kabisa. Lakini suruali, koti na shati la kazini nunua kwa mtu wa pointi hata akikutajia 12,000 wakati chini kuna za 2,000. Yeye ameshapekua mamia ya nguo ili kuipata hiyo moja, na muda wako nao una bei.

Kitu ambacho huwa nakiona kinawaponza watu ni turubai la juu. Mabanda mengi yamefunikwa turubai la bluu, na mwanga ukipita pale kila rangi inageuka: bluu iliyoiva inakuwa nyeusi, kijani kinakuwa kijivu, doa la njano kwenye shati jeupe linapotea kabisa. Nguo niliyoipenda natoka nayo nje hatua mbili, naiinua kuelekea juani na kuiangalia kwa ndani. Hapo matundu yanajionyesha yenyewe. Kisha makwapani, ndani ya kola, na msamba wa suruali, mahali kitambaa kinapolika kwa kusuguana. Zipu naipandisha na kuishusha hadi muuzaji aanze kununa. Nakikunja kitambaa ngumini kwa nguvu nikihesabu hadi kumi. Kikitoka kimekunjamana kama karatasi, kitanidai pasi kila asubuhi na umeme wenyewe mnaujua. Mwisho naangalia pindo: kama ndani kuna kitambaa cha akiba, fundi ana pa kuchezea.

Kupima ni kazi, vyumba vya kujaribia hakuna. Muuzaji atakuzungushia kiuno cha suruali shingoni na kukuhakikishia inakutosha. Njia hiyo haijui nyonga. Vaa taiti na sketi pana siku ya kwenda sokoni, utajaribu suruali pale pale chini ya sketi bila kumsumbua mtu. Au nenda na futi ya kitambaa kama ya mafundi, na vipimo vyako viwe kwenye simu. Na usikubali kuharakishwa. "Dada, hii ni gredi A, belo kama hili halirudi." Litarudi. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikutana hapahapa Arusha wakataka mitumba ipunguzwe hadi ikome ndani ya miaka michache, na leo hii bado tunainama juu ya turubai. Kama rangi si yako au kitambaa hukiamini, ondoka.

Baada ya soko ni kwa fundi, na hapa ndipo ningependa uweke pesa kuliko popote. Nguo ya mtumba imeshonwa kwa mwili wa mtu mwingine, mara nyingi mrefu kuliko wewe na mwembamba nyonga. Ukiivaa hivyohivyo inasema mtumba kutoka mbali. Suruali niliyoinunua 8,000 nikalipa 4,000 ibanwe kiuno na kukatwa urefu, watu wananiuliza nimeshona wapi. Fundi wangu ni mzee mmoja anayekaa na cherehani barazani Ngarenaro, na ana msimamo. Nilipomwambia akate kitambaa kilichozidi kiunoni aligoma: "Binti yangu, hiki sikikati, nakikunja ndani. Mwakani ukinenepa utanishukuru." Fundi wa namna hiyo mshike. Mpelekee nguo moja inayokukaa vizuri iwe kipimo, maneno tu hayatoshi. Nguo ya pamba ifue kwanza kabla ya kuipeleka, maana ikiwa itaruka ni bora iruke kabla hajaipima. Na shati la mtumba libadilishie vifungo vyote, viwe vya aina moja. Ni kazi ya dakika chache na shati linakuwa jipya. Usimwendee Desemba lakini. Desemba Moshi na Arusha zimejaa watu waliopanda kutoka Dar, harusi juu ya harusi, na fundi ana milima ya sare.

Sare zenyewe ndizo adui mkubwa wa kabati dogo huku kwetu, na sijaona ushauri wa mitandaoni unaozigusa. Send-off ya binamu, kitchen party ya mwenzako wa kazini, harusi ya jirani, kipaimara, na kila moja ina kitambaa chake. Gauni la sare linavaliwa mara moja, linapigwa picha, basi. Kukataa sare ya ndugu ni ugomvi wa ukoo, sikushauri. Ninachofanya ni hiki: kamati ikitoa kitenge, sishoni gauni. Nashona sketi pana na blauzi ya kawaida isiyo na mabawa. Siku ya sherehe nimevaa sare kamili kama wengine. Jumatatu sketi inaenda kazini na fulana ya bluu, na blauzi inaingia ndani ya suruali ya kaki. Sketi za kitenge zilizoko kabatini kwangu zote zimeingia kwa mlango huo, na ndizo zinazonipa maua na rangi bila kununua. Kitambaa kikiwa cha kung'aa chenye shanga, shona mtindo mwepesi kabisa usimlipe fundi sana, au ulizia maduka ya kukodisha magauni kama wana rangi hiyo. Siku hizi kamati nyingi zinatoa rangi ya siku tu, na damu ya mzee inatajwa mara nyingi. Ukiwa na gauni moja la rangi hiyo lililokukaa, umeshavuka sherehe nyingi za mwaka.

Misiba nayo iwekee nafasi: gauni refu la rangi iliyokolea, doti ya kanga, na viatu vya chini vilivyofunika vidole. Mazishi ya kupanda Kibosho au Rombo mwezi wa nne hayataki sendozi.

Viatu sitasema mengi. Jozi nne zinatosha: raba, viatu vya kazini vya chini, vya sherehe na vya mvua. Raba ya mtumba ikunje katikati kabla ya kulipa. Iliyokaa stoo muda mrefu soli yake hupasuka au kuachia, hata kama juu inameta. Nguo za ndani nunua mpya. Za mitumba Shirika la Viwango (TBS) lilishazipiga marufuku, na hata lisingezipiga ningekuambia hivyohivyo.

Kwa wepesi wa mfuko, usijaribu kumaliza mwezi mmoja. Mimi nilijiwekea shilingi 20,000 kwa mwezi, ya fundi ikiwa humohumo, na kila mwezi nilikuwa natafuta kitu kimoja tu kilichoandikwa kwenye simu. Januari na Februari ndiyo miezi mizuri ya kununua, watu wamemaliza pesa za sikukuu, ada za shule zimewabana, na muuzaji anasikiliza bei yako. Makoti yatafute wakati huohuo wa joto. Ukisubiri Juni utayataka pamoja na mji mzima.

Jambo moja la kuzoea: nguo chache zinafuliwa mara nyingi, kwa hiyo zinachoka haraka. Zigeuze ndani nje, zianike kivulini, na sabuni ya unga usiimwage kama unapika ugali. Bluu iliyoiva ikianza kupauka mabegani, ujue ilikaa juani upande mmoja.

Kwangu limebaki koti la mvua, refu hadi magotini, rangi yoyote isipokuwa nyeusi. Nililiona moja Tengeru, muuzaji akataka 35,000 na mshono wa begani ulikuwa umeachia. Ukikutana na jingine usininunulie, nitajie bei kwanza.